Asirudishwe Nyumbani kwa Sababu ya Sketi

Katika fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza upo ukurasa ambao mzazi huusoma akiwa na kalamu mkononi. Ni ule wa sare. Sketi mbili za rinda boksi, mbele na nyuma, urefu upite magoti. Mashati meupe mawili. Sweta ya rangi ya shule. Tai. Soksi nyeupe jozi mbili. Viatu vyeusi vya ngozi, vya kufunga kwa kamba, kisigino kifupi. Nguo za michezo. Nembo, ambayo mara nyingi hupatikana shuleni kwenyewe na hutolewa baada ya kulipiwa. Shule nyingine huweka na mchoro wa sketi pale chini, fundi asije akasema hakuelewa.

Mzazi wa Mbozi au Ludewa anajumlisha gharama hizo Januari, wakati mbolea ya kukuzia inasubiri kununuliwa na mahindi ya msimu uliopita yamebaki ya kula tu. Katika shule za Serikali za Tanzania ada hadaiwi. Shule za msingi zilifutiwa ada mwanzoni mwa miaka ya 2000, sekondari hadi kidato cha nne ikafuata Januari 2016, kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Lakini Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016, uliogawa majukumu kati ya Serikali, shule na wazazi, uliiacha sare mikononi mwa mzazi. Hali ni hiyo hiyo kwa majirani. Uganda ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 1997, Kenya mwaka 2003, na huko nako familia nyingi ziligundua kwamba gharama kubwa ya kwanza iliyobaki ilikuwa nguo.

Mimi ni mtetezi wa sare. Mtoto wa mkuu wa wilaya na mtoto wa mlinzi wake wakisimama mstarini na mashati yanayofanana, jambo jema limefanyika ambalo hotuba haiwezi kulifanya. Januari 2004 Mzee Kimani Maruge, akiwa na umri wa miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiyo mjini Eldoret, Kenya, na picha zilizozunguka dunia nzima zinamwonesha akiwa na sweta, kaptula na soksi ndefu kama wenzake waliofaa kuwa vitukuu vyake. Hakuna aliyeweza kumlazimisha mzee wa umri ule kuvaa kaptula. Aliivaa kwa sababu ilimfanya mwanafunzi, na yeye alitaka kuwa mwanafunzi hasa.

Basi hoja yangu haihusu kama sare iwepo au isiwepo. Inahusu mtoto asiye nayo, au aliye na nusu yake, saa moja na nusu asubuhi, mwalimu wa zamu akiwa amesimama getini. Afanywe nini?

Jibu la Serikali linajulikana. Kila Januari wakuu wa mikoa na mawaziri husikika wakiagiza kwamba wanafunzi wapokelewe hata kama hawana sare, na wazazi wapewe muda. Ni agizo zuri. Tatizo ni kwamba linakaa redioni, wakati sheria ndogo za shule zimebandikwa ubaoni. Na mwanafunzi asiye na sare hafukuzwi kwa barua. Huambiwa asimame pembeni ya mstari wakati wenzake wanaingia madarasani. Huambiwa aje na mzazi kesho. Hupewa kazi ya kufagia uwanja mpaka kipindi cha pili. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtoto huyu ameondolewa shuleni, ila baada ya wiki mbili hivi anaona bora akae nyumbani kuliko kutazamwa na shule nzima. Kwenye daftari la mahudhurio ataitwa mtoro.

Haya yamepimwa, tena karibu nasi. Katika wilaya ya Busia, magharibi mwa Kenya, shirika moja lililokuwa likisaidia watoto liligawa sare kwa bahati nasibu, watafiti wakafuatilia waliopata na waliokosa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 na David Evans na mwenzake Mũthoni Ngatia yalionesha kwamba utoro ulipungua kwa zaidi ya theluthi miongoni mwa waliopewa, na kwa wale ambao awali hawakuwa na sare kabisa ulipungua kwa zaidi ya nusu. Katika utafiti mwingine, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia wanafunzi wa shule 328 za magharibi mwa Kenya kuanzia mwaka 2003. Wasichana wa darasa la sita waliopewa sare bure waliacha shule kwa kiwango kidogo kuliko wenzao, na waliopata mimba katika miaka mitatu iliyofuata walishuka kutoka takriban 16 hadi 13 katika kila wasichana 100. Hakuna somo la maadili lililoongezwa pale, wala adhabu. Ni gauni la shule tu.

Haki inanitaka niseme na upande wa pili. Utafiti wa Busia uliporudi kwa watoto wale miaka minane baadaye haukuona kwamba waliopewa sare walikuwa wamefika madarasa ya juu zaidi ya wenzao. Gauni moja halimfikishi mtu chuo kikuu. Lakini linamwingiza darasani asubuhi ile, na sheria zetu za mavazi zina nguvu hasa juu ya asubuhi ile.

Twende kwa fundi cherehani, maana mengi ya mjadala huu yako mezani pake. Fundi anayejua kazi huacha pindo la vidole vinne ndani ya sketi ya mtoto wa kidato cha kwanza, na kiunoni huacha mshono mpana. Mwaka ukipita, pindo linateremshwa kidogo. Mwaka mwingine linateremshwa tena. Ndiyo maana ukiitazama kwa karibu sketi ya msichana wa kidato cha tatu, utaona kwa chini mistari miwili au mitatu ya rangi iliyokoza, pale mikunjo ya zamani ilipokuwa imejificha jua lisiifikie. Ukiona mstari wa mwisho umefika ukingoni, ujue kitambaa kimeisha. Kuanzia hapo msichana anaendelea kurefuka na sketi imebaki palepale. Kwa wavulana fundi hugeuza kola iliyolika, hutia kiraka cha rangi inayokaribiana makalioni mwa suruali, huteremsha pindo la mguu mpaka suruali iwe na alama ya duara juu ya kifundo.

Sasa mwalimu wa zamu anapita na kumwona yule msichana. Anachokiona ni sketi fupi. Anamwambia mbele ya wenzake kwamba anataka kuwaonesha watu miguu. Mistari ile ya pindo, ambayo inaeleza hadithi nzima ya mama aliyenunua kitambaa kimoja miaka mitatu iliyopita, haitazami. Katika mambo yote ya mavazi shuleni hili ndilo linaloniumiza kuliko mengine: umaskini wa msichana kusomwa kama tabia mbaya.

Siwatetei wanaobana suruali mpaka ikawa modo, wala wanaovaa mlegezo, wala aliyenyoa kiduku Jumapili akijua Jumatatu kuna ukaguzi. Wapo, na mwalimu anayewaachia anawaonea wale wanaofuata taratibu. Mwambie achomekee. Mwambie akanyoe. Mpe adhabu inayostahili baada ya vipindi. Ila yapo mambo mawili yasiyofaa kuitwa nidhamu, nayo yamezoeleka: kupitisha mkasi katikati ya kichwa cha mtoto ili alazimike kunyoa upara, na kuichana suruali yake hadharani. Nguo ile imenunuliwa na mtu. Kichwa kile ni cha mtu. Mwalimu wa nidhamu mwenye hekima humwita kijana ofisini, humpa siku moja, na mara nyingi siku moja inatosha.

Ziko pia kanuni ambazo hakuna anayekumbuka kwa nini ziliwekwa. Shati jeupe limeenea karibu kila mahali, na huko Singida au Kishapu, penye vumbi na foleni ndefu ya maji kisimani wakati wa kiangazi, shati jeupe ni ndoo za maji na vipande vya sabuni kila wiki, kazi ambayo nyumbani huangukia mikono ya wasichana. Dar es Salaam na Mombasa utawakuta wanafunzi wamevaa sweta na tai mchana wa Februari, jasho likiwatiririka. Njombe na Makete, ambako Juni na Julai asubuhi huwa na umande unaouma mifupa, msichana bado anatakiwa kuvaa sketi na soksi, wakati kaka yake ana suruali ndefu. Kumruhusu avae suruali ya rangi ileile ya sare hakugharimu shule chochote. Wazazi wachache wameomba hivyo kwenye vikao na kujibiwa kwamba msichana wa shule huvaa sketi. Baridi ya Makete haijui hilo.

Kuna na jambo la biashara, ambalo nalipitia haraka kwa kuwa kila mzazi analifahamu. Shule inapoagiza sare inunuliwe duka moja tu, au inapotaka kitambaa chenye mistari ambayo haipatikani kwa mwenye duka mwingine, bei hupanda na fundi wa mtaani hukosa kazi. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya imewahi kuzionya shule juu ya mikataba ya namna hiyo. Ni onyo linalofaa kuvuka mpaka.

Dini na nywele zimefika mahakamani, na huko tumejifunza jinsi sheria ndogo ya shule inavyoweza kumgusa mtu mahali pa ndani kabisa. Zanzibar ushungi ni sehemu ya kawaida ya sare ya wasichana katika shule za Serikali, na hakuna anayeona ajabu. Kwingineko imekuwa vigumu. Mwaka 2014 liliibuka ombi kwamba wasichana wa Kiislamu wa Shule ya Sekondari ya St. Paul Kiwanjani, kaunti ya Isiolo nchini Kenya, waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Ile ni shule ya umma yenye mfadhili wa kidini, Kanisa la Methodisti, na Kanisa likaenda Mahakama Kuu. Machi 2015 Kanisa likashinda kwa hoja kwamba kuwaruhusu baadhi kuvaa tofauti ni kuwabagua wengine. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikageuza uamuzi, ikisema kwamba kuwatendea wote sawasawa bila kutazama imani zao kunaweza kuwa ndiko kuwabagua. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi huo wa Rufani, zaidi kwa sababu za utaratibu wa namna dai lilivyofikishwa mahakamani, huku Jaji Jackton Ojwang akipingana na wenzake.

Mwezi uleule wa Januari 2019, mtaani Kibra jijini Nairobi, msichana wa kidato cha kwanza alifika Shule ya Sekondari ya Olympic akiwa amefunika rasta zake kwa kilemba. Akaambiwa aondoke mpaka azinyoe. Familia yake, Warasta, ikaenda mahakamani, na Septemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba Urastafari ni dini na kwamba mtoto yule hakustahili kuzuiwa kusoma kwa sababu hiyo.

Hizo kesi mbili zinatazamwa kama mvutano wa dini, lakini kinachonigusa mimi ni kalenda. Isiolo, tangu ombi hadi neno la mwisho la mahakama, ilipita miaka minne na nusu, muda unaotosha mtu kuanza kidato cha kwanza na kumaliza cha nne. Watu wazima walikuwa wakibishana juu ya kitambaa, na wasichana waliokuwa ndani ya ubishi ule wakakua na kuondoka. Mahali pazuri pa kumaliza jambo kama hilo ni mezani kwa bodi ya shule, kabla wakili hajaitwa: rangi ya hijabu ifanane na sare, nywele zifungwe zikiwa safi, masomo yaendelee.

Na walimu wenyewe? Wao pia wana kanuni. Tanzania ina Waraka wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi wa umma, unaokataza nguo fupi, za kubana na zinazoonesha mwili. Uganda ilitoa waraka wake kwa watumishi wa umma mwaka 2017, na nchini Kenya Tume ya Huduma za Walimu ina kanuni za maadili zinazomtaka mwalimu avae kwa heshima na awe nadhifu. Sioni ubaya. Mwalimu analipwa mshahara wa umma, amesaini mkataba, ana chama cha kumtetea na ngazi za kukata rufaa. Kumtaka avae kama mtu aliye kazini ni sharti la kazi kama mengine. Mwanafunzi hana hata kimoja kati ya hivyo, nalo ndilo linalofanya kanuni ya mtoto istahili huruma zaidi kuliko kanuni ya mkubwa. Katika shule nyingi mambo yamegeuzwa: mwalimu anayekuja na jinzi Jumatano anaongeleshwa pembeni kwa staha, mtoto aliyevaa kandambili anasimamishwa mbele ya paredi.

Lakini hata kwa walimu, mzigo haujagawanywa sawasawa. Kanuni za mavazi kazini husomwa zaidi kwa wanawake. Hilo si jipya hapa kwetu. Mwishoni mwa mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya vimini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana, ianze Januari 1969 jijini Dar es Salaam. Suruali za wanaume zilikuwamo kwenye orodha, lakini waliosumbuliwa mitaani na kwenye mabasi walikuwa hasa wasichana. Mwalimu wa kike wa leo katika shule ya kata anayapata mabaki ya fikra hizo. Anapanda bodaboda kila asubuhi kwenye barabara ya tope, na suruali ndiyo vazi la staha kuliko yote kwa safari ile, ila akifika nayo ofisini anasikia maneno. Mwenzake wa kiume mwenye shati lililotoka rangi na makubazi haambiwi kitu. Mkuu wa shule anayetaka wanafunzi waheshimu kanuni aanze hapo, kwa kukaa na walimu wake na kuandika pamoja nao kanuni fupi inayowahusu wote. Watoto huona kila kitu. Mwalimu aliyechomekea, viatu vimepigwa kiwi, koti la chaki limefuliwa, hahitaji kuhubiri sana kuhusu unadhifu.

Ninachoomba kinawezekana bila fedha nyingi. Agizo la Januari liandikwe ndani ya fomu yenyewe, kwa herufi zinazoonekana: mwanafunzi asiye na sare kamili atapokelewa, ataandikwa na ataingia darasani siku hiyohiyo. Nembo iwe kipande cha kushonea, ili mzazi aweze kuiweka juu ya shati lolote la rangi inayotakiwa, liwe limeshonwa na jirani au limetoka mitumba. Bodi ziruhusu suruali kwa wasichana na zifikirie rangi inayostahimili vumbi la mahali pao. Mwalimu wa zamu akiona sketi fupi, kwanza ainame atazame pindo.

Kisha kuna Novemba. Siku ya mtihani wa mwisho wa kidato cha nne wahitimu huandikiana majina na ujumbe kwenye mashati, na shati lile huenda likawa kumbukumbu ya maisha. Waachiwe furaha hiyo. Lakini sketi, sweta, suruali na viatu hubaki vizima, na vingi huishia kutupwa au kufanywa nguo za shamba. Shule zingeweza kuvikusanya wiki ileile, zikavifua, zikamlipa fundi wa jirani kwa kuvirekebisha, zikampa mwalimu wa malezi ufunguo wa kabati. Januari akija mtoto na nguo za nyumbani, apelekwe kwa mwalimu huyo baada ya vipindi, peke yake, achague kinachomtosha. Jina lake lisisomwe mstarini.